Kitanda Kitupu Kwenye Droo ya Anselme

Josiane, muuza mikate wa mtaa wa juu, anadai alimwona kwa macho yake mawili. Anadai ilikuwa Jumapili, mchana mweupe, na Léonce Fayolle alikuwa ameketi kwenye ngazi za kanisa anavuta soseji kavu kwa meno kama mbwa aliyeokota kiatu. Wengine mtaani hupunguza, husema labda ulikuwa mkate tu. Josiane hapunguzi.

"Soseji," husema. "Tena alikuwa anaivuta kwa jino la pembeni."

Mahali pengine hiyo si habari. Lakini hapa ni Thiers, mji wa mafundi visu wa Ufaransa. Hapa mtu anaweza kutoka nyumbani bila kofia, bila mke, hata bila adabu, na bado watu wakamsalimu. Bila kisu mfukoni, hapana. Mababu wa mji huu walilala kifudifudi juu ya mbao wakinoa visu kando ya mto Durolle, mbwa wamewalalia miguuni kuwatia joto, na mpaka leo mtu akikaa mezani mkono huingia mfukoni kwanza, salamu baadaye. Kisu cha mtu hakiazimwi. Hakitolewi bure pia. Ukimpa mwenzako kisu, sharti naye akupe sarafu, hata iwe ndogo namna gani, la sivyo kisu hicho kitakata urafiki wenu. Na sarafu ikishapokewa, imekwisha. Aliyetoa alie machozi ya damu, kisu si chake tena.

Kwa hiyo mtu wa Thiers kula soseji kwa meno, tena mbele ya kanisa, tena Léonce Fayolle! Josiane ana haki ya kusimulia. Kosa lake ni moja tu, huanzia mwishoni.

Mwanzo wake ni huu. Léonce alikuwa mtu wa koti la kodrai, sauti ya padri na vidole vyepesi, na riziki yake ilikuwa visu vya zamani. Si kuvikarabati. Hiyo ni kazi ya watu wenye subira, na mji umejaa watu hao. Jioni utawaona vibarazani wanasugua kutu kwa mafuta, wanabadilisha mipini, wanabishana kuhusu ribiti kama maaskofu wanavyobishana kuhusu toharani. Léonce alivitengeneza visu vya zamani vikiwa vipya. Bapa alilichonga kutoka kwenye tupa kuukuu. Mpini aliutoa kwenye mguu wa kiti kilichokufa. Kisha kisu kilizeeshwa. Kilioga maji ya maganda ya jozi, kikaoga siki, halafu kikaenda kulala ndani ya samadi ya kondoo kwa rafiki yake mfugaji mpaka kikapata sura ya mzee aliyerudi vitani.

Kitu kimoja tu cha kweli alikuwa nacho, nacho kilikuwa kisu chake mwenyewe. Alikitengeneza babu yake, Toussaint, fundi ambaye jina lake wazee wa hapa hulitaja wakiwa wamevua kofia. Mpini wa pembe nyeusi, bapa limeliwa na kinoo mpaka limekuwa jembamba kama jani la nyasi. Watu walishamtajia bei. Léonce aliwacheka. "Mke wangu akitaka kuondoka nitamfungulia mlango," alikuwa akisema, "lakini kisu cha babu nitazikwa nacho." Mke akataka kuondoka. Alimfungulia mlango.

Basi akafa Anselme Dassaud. Anselme alikuwa amekusanya visu vya kukunja maisha yake yote, na kila kimoja alikifufua kwa mkono wake. Léonce akavaa tai akaenda kutoa pole. Alitoa pole kwa ufupi, macho yakiwa kabatini.

"Tazama tu, mwanangu," alisema mjane, Bibi Mauricette. "Visu havichakai kwa macho."

Léonce akavuta droo moja baada ya nyingine. Ndani ya kila droo kulikuwa na ubao uliovishwa mahameli ya kijani, na kila kisu kilikuwa na kitanda chake, kimechongwa kwa umbo lake, hata kisu kisingeweza kulala kitanda cha jirani. Katika droo ya chini kabisa kitanda kimoja kilikuwa kitupu.

"Na hapa, Bibi Mauricette? Kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Hakijawahi kuwapo. Anselme alichonga kitanda akamngoja mgeni. Akangoja, akangoja, mpaka akaondoka yeye."

"Mgeni gani huyo?"

"Wanaume na visu vyao! Mimi nitajua nini? Mimi mtu wa jikoni."

Maneno hayo, mimi nitajua nini, kwa Léonce yalikuwa kama kengele ya chakula. Angeweza kujiuliza ni jikoni gani kunakompaka mtu weusi wa dawa ya kung'arishia chuma chini ya kucha zote kumi. Lakini mtazama visu hatazami kucha.

Bibi akaenda kuchemsha kahawa. Léonce hakuwa na futi, basi akatoa kisu cha babu yake, kimekunjwa, akakilaza katika kile kitanda kitupu apate kipimo. Kikaingia. Hakikubana, hakikucheza. Léonce hakuwaza lolote. Nani huifikiria rula? Alishika akilini urefu na unene, akakirudisha mfukoni. Bibi Mauricette alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alingoja mpaka mkono utoke mfukoni, ndipo akakohoa.

"Wewe si mjukuu wa Toussaint?" aliuliza akimimina.

"Ndiye mimi."

"Anselme alianzia kazi kwake, kijana wa kufagia. Alimpenda sana babu yako."

"Babu alipendwa na wengi," alisema Léonce, ambaye hakusikia hata neno moja. "Bibi, visu hivi vitashikwa na kutu. Niruhusu nije nivisafishe, nivitie mafuta, kimoja kimoja."

"Sina cha kukulipa, mwanangu."

"Malipo? Kwa heshima ya marehemu?"

"Loo," alisema Bibi Mauricette, akamsogezea sukari. "Kumbe bado watu wapo."

Akaanza kuja. Na siku moja, baada ya kuja mara nyingi, kitanda kitupu kikapata mlalaji. Kilikuwa kisu cha mpini wa njano, kimekunjamana kwa uzee wa wiki chache, na mgongoni mwa springi kimechorwa kimbwa kidogo. Bibi alikiona. "Ah, kumbe kilikuwapo," alisema, "nami macho yangu haya!" Akarudi jikoni. Léonce karibu amwonee huruma.

Kimbwa kile kilikuwa na hadithi, na hadithi Léonce alikuwa ameipanda minadani muda mrefu, kama mtu apandaye kunde, hapa punje, pale punje. Kwamba wanoaji wa zamani, wale wa kulala kifudifudi, walijitengenezea kwa siri visu vya kuwakumbuka mbwa wao, na kwamba vilivyobaki havijazi kiganja. Hadithi hiyo haikuwa na ukweli hata wa kuchovya mkate. Lakini ilikuwa imeota, na iliota zaidi kwa Daktari Rambaud, daktari wa meno wa Lyon, mkusanyaji mwenye visu vingi kuliko wagonjwa.

"Umekiona?" Daktari aliuliza, sauti chini. Walikuwa wamekaa kwenye gari lake, madirisha yamefungwa.

"Kwa macho yangu. Kimelala droo ya chini, kwa mjane."

"Anajua ni nini?"

"Anadhani ni cha kukatia uyoga."

Daktari alifumba macho kama anayeonja mchuzi. "Tutampa yuro mia mbili. Maskini, atafurahi."

"Atafurahi sana. Na mimi niliyekuleta?"

"Wewe elfu nne."

"Daktari, mimi ni mtu wa dini."

"Elfu sita."

"Dini imenyamaza."

Hebu itazame kazi ilivyofumwa. Daktari aliamini kwamba anamwibia mjane, kwa hiyo hakumwuliza fundi yeyote, maana mwizi haendi kutafuta ushauri. Mjane angepata mia mbili kwa kitu kisicho chake. Léonce angepata elfu sita kwa mguu wa kiti. Hakuna ambaye angelia. Léonce mwenyewe alipoitafakari aliona ni aina fulani ya sadaka.

Jumapili ikafika, Bibi Mauricette akawaalika kula. Mezani paliwekwa soseji kavu ndefu, mkate, mvinyo, na viazi vilivyokaangwa na jibini changa mpaka ukiinua kijiko vinakufuata. Mikono ikaingia mifukoni. Daktari akatoa kisu cha mpini wa pembe ya tembo wa kale, kinachometameta, ambacho hakijawahi kukata kitu kigumu kuliko hewa. Bibi akatoa chake, kidogo, cha kawaida. Léonce akatoa cha babu yake, akakata soseji, vipande vyembamba vya kuonea jua.

Daktari akatazama. Akatazama tena.

"Hicho chako ni cha siku nyingi, Bwana Fayolle?"

"Hiki? Cha kukatia soseji tu," alisema Léonce haraka, kwa sababu mgeni hufaa kutazama bidhaa, si mkono wa muuzaji.

Nyumba ile ilifuata desturi ya zamani. Mwenye nyumba akikunja kisu chake, chakula kimekwisha, hata kama una tonge mdomoni. Ila Bibi Mauricette hakuwa na haraka. Viazi vilipokwisha, kabla ya jibini, alikwenda kabatini akarudi amebeba ile droo ya chini, akaiweka katikati ya meza kama mtoto wa ubatizo.

"Léonce ameniambia Daktari hupenda vitu hivi."

Daktari akapiga mwayo. Ulikuwa mwayo mbaya, wa mtu ambaye hajazoea kudanganya kwa mdomo wake, ila kwa wa wengine. "Vizuri, vizuri," alisema, kidole kikitembea juu ya visu vyote mpaka kikafika kwa kimbwa. "Hiki nacho... kinachekesha. Kwa ukumbusho wa viazi vyako, mama, ningetoa hata mia mbili."

"Mia mbili! Kisu cha uyoga!"

"Nina moyo mwepesi."

"Mungu akuzidishie. Lakini siuzi."

Daktari akaondoa kidole juu ya kimbwa.

"Cha kitanda hiki hakiuzwi," aliendelea Bibi. "Anselme alisema kitakacholala hapa si cha soko, ni cha kupeana. Na hakipewi mgeni, Daktari usinikasirikie. Nitampa Léonce. Amesugua nyumba nzima hakudai hata glasi ya maji."

Léonce akashika kifua. Alikuwa amejiandaa kumbembeleza, kumtisha, hata kumwimbia. Hakujiandaa kupewa. Chozi likamjia, na kwa mara ya kwanza maishani hakulifanyia kazi.

"Bibi, sistahili."

"Ni kweli. Lete sarafu, tusije tukakatana."

Akatoa sarafu. Bibi akaipokea, akamkabidhi kile cha kimbwa. Daktari akashusha pumzi iliyozima mshumaa uliokuwa mezani.

"Sasa," alisema Bibi Mauricette, "kitanda kitupu mimi siwezi kukitazama tena. Nimekitazama miaka. Utanilazia chako hapo."

"Changu?"

"Chako."

"Bibi, hiki ni..."

"Cha kukatia soseji tu. Nilikusikia."

Léonce akakitazama kisu cha babu. Kilikuwa kimefunguka juu ya ubao, na kipande cha soseji kimenata nchani. Mkono ukakifuta, ukakikunja, ukakataa kwenda mbali zaidi. Chini ya meza kiatu cha Lyon kikampiga kwenye muundi.

"Mlazie mama, Bwana Fayolle," alisema Daktari kwa sauti ya mtu anayeng'oa jino. "Utu haugharimu kitu."

Léonce akahesabu upesi, kama wafanyavyo watu wa kazi yake. Elfu sita ziko kwenye koti la Daktari. Kesho atarudi kusafisha. Atatengeneza pacha wa kisu hiki, amzeeshe, ambadilishe kimya kimya. Bibi hajui kitu. Hapa si kukizika, ni kukilaza tu. Babu mwenyewe angecheka.

Akakiweka.

Kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake cha zamani. Kitanda kilikuwa kimebonyea kwa ndani pale kisu kilipokuwa na tumbo, na kilikuwa na mwinuko pale kisu kilipokuwa na kiuno. Kitanda kilichongwa na mtu aliyekijua kisu kile kwa kukifutia vumbi akiwa kijana wa kufagia, akakikumbuka mpaka uzeeni. Ndipo Léonce alipokumbuka siku ya rula. Akainua macho. Bibi Mauricette alikuwa amenyoosha kiganja, na juu ya kiganja ile sarafu ileile, bado ina joto.

"Na wewe pokea, mwanangu. Tusikatane."

Kiatu cha Lyon kikapiga tena. Vidole vya Léonce, vilivyozoea kupokea, vikapokea.

Bibi akakunja kisu chake. Pap.

"Na jibini?" aliuliza Daktari.

"Siku nyingine."

Walishuka ngazi upesi. Chini, Daktari akatoa lenzi, akakitazama kimbwa juu na chini, na mkono mwingine tayari umeivuta bahasha nusu kutoka kotini. Halafu mkono ukasimama.

"Bwana Fayolle. Yule mama, ulisema hajui kitu."

"Hajui."

"Kilichomo kwenye droo yake anaweza kukiachia kwa mia mbili."

"Kwa mia moja na hamsini, ukimsifia viazi."

"Basi na kile chako sasa kimo kwenye droo yake." Daktari alikuwa mpole sana. "Nimekitazama tangu kipande cha kwanza. Hiki cha mbwa ni kizuri. Lakini kile, ndugu yangu, kile ni cha kweli. Nishikie hiki kidogo."

Akapanda ngazi, mbili mbili.

Léonce alibaki chini ameshika mguu wa kiti. Watu husema mjanja huanguka kwa uongo wake. Hapana, uongo wake ulisimama imara kabisa, ulikuwa umempita tu unapanda ngazi.

Daktari alirudi kwa mwendo wa taratibu. Bahasha haikuonekana tena.

"Hauzi. Amesema mumewe alimngoja mgeni huyo maisha yake yote, na sasa amelala, asiamshwe. Nikamwuliza, na kile cha mbwa, alikipata wapi? Akasema hajui, kilitokea tu mwezi huu, na siku ya kwanza kilinuka kondoo."

Akakichukua kisu mkononi mwa Léonce, akakisogeza puani. Akakirudisha.

"Mimi hukaa mbele ya midomo ya watu kutwa nzima," alisema. "Kwa harufu sidanganyiki."

Gari likaondoka kuelekea Lyon.

Léonce akapanda, akagonga. Mlango haukufunguliwa.

"Bibi Mauricette! Nirudishie cha babu. Nitakupa chochote."

"Sarafu ulipokea, mwanangu."

"Nilidanganyika!"

"Masikini. Na nani?"

Léonce akafungua kinywa. Ili kujibu swali lile ilimpasa kutaja tupa, kiti, siki, samadi, na bahasha ya Daktari. Akakifunga. Hiyo ndiyo mara pekee ambayo watu wa Thiers wanajua kwamba Léonce Fayolle alikosa neno, na hata hiyo uliisikia mlango tu.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Ukatoka mkono wenye kucha nyeusi, umeshika nusu ya soseji na kichwa cha mkate.

"Chukua, usije ukasema nimekutoa na njaa. Umefanya kazi nzuri kwenye visu vya Anselme. Vinang'aa."

Mlango ukafungwa.

Basi akaenda akaketi kwenye ngazi za kanisa. Akaweka soseji gotini. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, kama kila siku, ukatoka na kile cha kimbwa. Akakifungua. Kilikuwa kikali; Léonce hakuwa fundi mbaya. Akalitazama bapa, madoa yake ya kahawia, uzee wake mzuri. Mji mzima ni yeye peke yake aliyejua kisu kile kililala wapi, na kwa muda gani, na kondoo walikuwa wanakula nini. Akakikunja. Akachukua soseji kwa mikono miwili na kuivuta kwa jino la pembeni.

Hapo ndipo Josiane alipopita, akitoka kwa dada yake, aproni bado kiunoni. Mpaka hapo anasimulia sawasawa, soseji ni soseji na jino ni jino. Kinachofuata huwa hakisimulii. Léonce alimwita, naye akasimama, mkono wake ukaingia ndani ya mfuko wa aproni, ukashika kitu kilichokuwa humo na kukibana.

"Josiane, dada yangu," alisema Léonce, "niazime kisu chako. Nikate vipande viwili tu."